Marejeo Ngamani

Iko methali moja ambayo nimeifundisha kwa miaka kumi na minane bila ya kuijua. Yasema: Tezi na omo, marejeo ngamani. Nimeiandika ubaoni mara nyingi, nikawaeleza wanafunzi kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa, mahali ambapo maji yavujayo hukusanyika. Nikawaambia kwamba mtu hata akihangaika huku na huko, mwisho hana budi kurejea mahali pake. Wanafunzi waliandika, wakajibu mtihani, nami nikawapa maksi zao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimepata kuiona hiyo ngama kwa macho. Wangaliniuliza ningalitahayari, maana mimi ni mtu wa Handeni, na Handeni ni nchi ya mahindi, mbuzi na vumbi jekundu. Kwetu maji ya kunywa tu hupatikana kwa taabu. Habari za vyombo vya baharini tungalizipata wapi?

Mwezi wa Januari uliopita mume wangu na mimi tulifunga safari ya mashua kutoka Pangani kushuka kusini hadi Bagamoyo. Tulikusudia kwenda na upepo wa kaskazi siku tano, tukilala Kipumbwi, Mkwaja, Saadani na popote pengine ambapo jua lingetuchwea, kisha kurudi nyumbani kwa gari. Sitaisimulia safari yote. Siku zilizofuata zilikuwa siku za kuzoea, na mazoea hayana mengi ya kusimuliwa. Nataka kusimulia siku ya kwanza peke yake, kwa sababu siku hiyo nilifundishwa mambo mawili ambayo shahada zangu hazikunifundisha: maana ya ngama, na thamani ya kujua kwamba utarudi.

Wazo la safari lilikuwa la mume wangu. Yeye ni mzaliwa wa Korogwe, mwalimu wa jiografia, na mtoto wa Korogwe hukua akiutazama mto Pangani ukipita mlangoni pake. Aliniambia tangu siku za uchumba kwamba walipokuwa wadogo walikuwa wakitupa vijiti mtoni na kushindana kubashiri kijiti cha nani kitafika baharini kwanza. Hakuna aliyepata kushinda, kwa kuwa hakuna aliyekwenda baharini kuvipokea. Kwa miaka ishirini ya ndoa yetu aliitaja safari hii kila mwaka, nami kila mwaka nilipata sababu ya kuikataa: mara mtoto mchanga, mara tasnifu, mara mitihani ya kusahihisha. Mwaka huu watoto wamekuwa wakubwa, tasnifu imekwisha, na sababu zimeniishia. Mwenzangu alifanya matayarisho yote kwa uangalifu wa mwalimu. Alitafuta mashua yenye leseni, nahodha mtu mzima asiyependa haraka, mabaharia wawili, na makoti ya kuokolea yaliyokuwa mapya. Alitazama hata mwezi, akachagua siku ya mwezi mpevu. Jambo moja tu hakulipanga, nalo ni mama yangu.

Tulilala Handeni kwa mama usiku wa kuamkia safari. Mama amekwisha kupita miaka themanini. Hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, lakini hakuna neno limhusulo lisilomfikia. Alfajiri alituamsha kabla ya jogoo. Mume wangu, kama ilivyo adabu ya mkwe kwetu, alikaa nje barazani akiyatazama magoti yake, na mama akasema naye kwa kupitia kwangu, ingawa baina yao palikuwa na hatua tatu tu.

“Mwambie mwenzako,” alisema, “kwamba sina ugomvi na safari. Nauliza siku ya kurudi tu.”

Nikamwambia kwamba tutarudi Jumatano ijayo.

“Usiseme ‘ijayo’. Taja siku kwa hesabu.”

Nikahesabu kwa vidole mbele yake, kama mtoto wa darasa la kwanza: siku nane. Akatikisa kichwa, akaketi kwenye kigoda chake, akanisimulia kisa ambacho nilipata kukisikia vipande vipande utotoni na kukisoma ukubwani katika vitabu vya historia, lakini sikupata kamwe kukisikia asubuhi ya siku ambayo mimi mwenyewe nakwenda kupanda chombo.

“Wale wa kwetu waliochukuliwa zamani,” alisema, “usidhani kwamba wote walifungwa kamba. Nchi ilikuwa imekauka. Watoto walikuwa wakifa. Wakashuka pwani wenyewe, kwa miguu yao, wakaambiwa: pandeni, iko nchi yenye chakula, mtafanya kazi, mvua ikinyesha kwenu mtarudi. Wakapewa chakula, wakala. Walipokwisha kula walikuwa na deni, na mwenye deni hana njia. Hawakurudi, mwanangu. Mama zao walikaa wakitazama huko pwani hata wakafa.”

Wanahistoria huuweka ukame ule katika miaka ya 1830. Wazigua wengi walipakiwa katika majahazi katika bandari za mwambao huu, wakapelekwa pwani ya Benadiri, katika nchi ambayo leo huitwa Somalia, na huko wakawa watumwa katika mashamba ya bonde la mto Shabelle. Baadhi yao walitoroka, wakakata misitu hadi bonde la mto Juba, wakajenga vijiji vyao na kuishi huko kwa vizazi vingi. Lugha yao hawakuitupa. Hata leo wako watu ambao kwao ni Somalia na lugha yao ni Kizigua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 wengi walikimbia. Wengine walifika makambi ya Kenya, na baadhi ya hao walipelekwa Marekani. Wengine walikuja Tanzania, na katika mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, katika wilaya yetu ya Handeni. Baadaye wengi wao walipata uraia wa nchi hii.

Haya ndiyo yaliyomo vitabuni. Lakini mama alikuwa na yake, yasiyomo kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa sokoni Handeni akinunua chumvi, akasikia nyuma yake sauti ya mwanamke mzee ikiuliza bei ya mahindi kwa Kizigua. Hicho hakikuwa Kizigua cha siku hizi kilichochanganyika na Kiswahili; kilikuwa Kizigua cha bibi yake mama, chenye maneno ambayo mama hakuyasikia tangu bibi huyo azikwe. Akageuka akamwona mtu asiyemjua. Akamuuliza ametoka wapi. Yule mzee akajibu, “Nimetoka mbali, lakini hapa ndipo kwetu.” Wakashikana mikono katikati ya soko wakalia, mpaka muuza chumvi akadhani kwamba pana msiba.

“Wamerudi,” mama aliniambia alfajiri ile. “Lakini hesabu mwenyewe wamerudi baada ya mavuno mangapi.”

Nilihesabu. Yalipita zaidi ya mavuno mia na sitini.

Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kitambaa uliojaa mahindi ya kukaanga yaliyochanganywa na karanga. Ulikuwa mzito kuliko haja ya watu wawili. Akauweka mikononi mwangu, akasema, “Wale walikwenda na njaa. Ninyi nendeni mmeshiba. Na mkifika chomboni msile kwanza chakula cha mwenye chombo. Kuleni kwanza hiki changu.” Hakusema kwaheri. Alitufuata hadi njiani, akasimama akituelekezea sikio lake zima, kana kwamba alitaka kusikia gari letu mpaka mwisho.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni mwendo wa kilomita 65 hivi. Zamani njia hii ilikuwa ya vumbi wakati wa jua na ya tope wakati wa mvua. Siku hizi ni lami, na msafiri hana hata nafasi ya kuhuzunika sawasawa kabla ya kufika. Mume wangu hakusema neno. Nilijua kwamba maneno ya mama yamemgusa, na kwamba anajiuliza kama furaha yake ya miaka ishirini imekuwa mzigo wa mtu mwingine. Tulipovuka mto, akauchungulia kama afanyavyo siku zote, lakini hakutabasamu.

Baba mkwe alikuwa anatungoja Korogwe na chai ya tangawizi. Mzee huyu alifanya kazi ya mkonge zaidi ya miaka thelathini, kwanza kukata majani shambani, baadaye kusimamia mashine ya kusindika. Viganja vyake hata leo ni vigumu kama gome. Mkonge nao ulikuja kwa chombo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na katika hiyo ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Wajukuu wa miche hiyo 62 walienea mpaka wakaifunika nchi ya Tanga na Korogwe kwa mistari ya kijani kibichi, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa mkonge tani 230,000 hivi, ikawa ya kwanza duniani. Kazi ile ilihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo, kwa hiyo waliajiriwa watu wa mbali kwa mikataba, walioitwa manamba. Babu wa mume wangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Kigoma kwa mkataba, akikusudia kurudi kwao mkataba ukiisha.

Nilimweleza mzee maneno ya mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuonyesha kwa kidevu mwembe ulio nyuma ya nyumba.

“Baba yangu naye alisema atarudi,” alisema. “Kila mwaka alisema atarudi. Kaburi lake lile pale chini ya mwembe. Mkwe wangu, mwambie mama nampa salamu nyingi, na maneno yake ni ya kweli. Lakini si kila asiyerudi amepotea. Mto huu kila siku unakwenda Pangani, wala sijaona mtu akiulilia.” Akanywa chai. Kisha, kwa sauti ya mtu wa kazi, akauliza, “Kamba za mashua hiyo ni za nini?”

Mume wangu akasema hajui.

“Mwalimu mzima hujui! Kazitazame. Kama ni nailoni, usiniambie, nitapata homa.”

Tulicheka, na kicheko kile kilifungua kifua cha mwenzangu. Njiani, tulipopita Segera na Hale, alinieleza habari za mto kama alivyokuwa akinieleza tulipokuwa vijana: kwamba maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru; kwamba hapa Hale yanashuka kwa nguvu na kuzungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1964; kwamba kwa sababu ya maporomoko haya hakuna chombo kiwezacho kutoka Korogwe kikafika baharini kwa maji. “Kwa hiyo vijiti vyenu vyote vilivunjika hapa,” nikamwambia. Akafikiri, akasema, “Labda. Lakini maji yalipita.”

Tulifika Pangani adhuhuri. Mji huu mdogo wenye nyumba za kale za mawe ulikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe na ya watumwa iliishia hapa, na ni hapa, mwezi wa Desemba mwaka 1889, Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim aliyewapinga. Leo kandokando ya mto utaona wavuvi wakishona nyavu, nazi zikipakiwa, na watoto wakiogelea kama kwamba hakujapata kutokea jambo lolote. Mashua yetu ilikuwa imefungwa gatini. Mume wangu alikwenda moja kwa moja kuzitazama kamba. Zote zilikuwa nailoni, isipokuwa moja ya mkonge iliyofunga ndoo ya kukumbia maji. Alifurahi mno. “Nitamwambia baba kuhusu hii moja tu,” akasema.

Nahodha alikuwa mzee mfupi, mwenye ndevu nyeupe na sauti ndogo. Tulimwamkia, akaitikia, akatuambia kwamba hatuondoki mpaka saa kumi. Mlangoni mwa mto liko fungu la mchanga, na chombo hakilivuki ila maji yakiwa yamejaa. Tukakaa chini ya mti kungoja. Hapo nikaona ajabu ambayo mume wangu alikuwa akiijua kwa kitabu, nami sikuijua kabisa. Majani na mafurushi ya magugu yaliyokuwa yakielea mtoni hayakuwa yakienda baharini. Yalikuwa yakienda bara. Ilikuwa siku ya bamvua. Bahari ilikuwa imeingia mtoni na kuyasukuma maji ya mto nyuma, polepole, kwa utulivu, kuelekea kule tulikotoka.

“Tazama,” nilimwambia, “mto unarudi.”

“Hurudi kila siku mara mbili,” alijibu. “Lakini haufiki Korogwe.”

Saa kumi na nusu maji yalianza kupwa, na nahodha akasema, “Bismillahi.” Mabaharia wakasukuma kwa pondo, chombo kikaondoka gatini, foromali ikatwekwa, na tanga likafunguka kwa mshindo mmoja ulionirusha moyo. Naweza kusema sasa, bila haya, kwamba katika dakika ile nilikuwa nimejiandaa kuwa mtaalamu. Nilijua majina ya kila kitu. Nilimwonyesha mume wangu mlingoti, foromali, henza na usukani, kama mwenye nyumba aonyeshaye vyumba vyake. Mara nahodha akaniita kwa adabu, “Mwalimu, ondoka demani, njoo joshini.”

Demani! Neno hili nalifundisha kila mwaka katika somo la majira: demani ni wakati wa mwisho wa kusi, wakati wa upepo mwanana. Nilisimama nikistaajabu. Tulikuwa katika kaskazi, mwezi wa Januari, nitaondokaje demani? Kabla sijamaliza kufikiri, mashua ililala upande, wimbi likapanda ubavuni na kunilowesha toka kichwani hadi miguuni. Baharia kijana akanishika mkono akanivuta upande wa pili. “Hapo ndipo joshini, mama,” akasema, “upepo unakotoka. Kule ulikokuwa ndiko demani.” Nilijua maana hiyo pia, imo katika kamusi, namba mbili. Lakini bahari haisomi kamusi kwa utaratibu wa namba.

Tulilivuka fungu huku mawimbi yakivunjika kushoto na kulia, nahodha akageuza usukani kuelekea kusini, na kaskazi ikatushika kwa nyuma. Mume wangu alikaa omo, uso wake umelowa chumvi na macho yake yanang'aa kama ya mtoto aliyefuata kijiti chake mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimekwisha kulewa bahari. Nilijaribu kukaa tezi karibu na nahodha, haikufaa. Nikajikokota omo karibu na mwenzangu, ikazidi. Mwishowe baharia akanionyesha mahali pa chini, penye kivuli na mtikisiko mdogo, akanitandikia gunia. Nikajilaza. Chini ya mgongo wangu, baina ya mbao na mbao, nilisikia maji yakienda na kurudi kwa sauti nyembamba. Yalinuka lami na samaki. Nikamuuliza mahali hapa panaitwaje, ingawa jibu nilikuwa nalo miaka kumi na minane.

“Ngamani,” akasema.

Nililala pale muda mrefu. Nikifumba macho naona giza, na katika giza lile niliwafikiria wale wa kwetu. Watu wa nchi kavu, ambao pengine walikuwa hawajapata kuona maji mengi kuliko ya kisima, walilala mahali kama hapa, wakisikia sauti kama hii, wakiwa na shibe ya siku moja tumboni na ahadi ya mtu mwingine moyoni. Wakati ule upepo wa kwenda Benadiri ulikuwa kusi, kama ulivyo leo. Kusi huvuma kutoka kusini, na vyombo huenda nayo kaskazini. Kisha huja kaskazi, na vyombo hurudi. Kaskazi hii inayotusukuma sisi ilivuma kila mwaka katika miaka ile yote. Ilipita Mogadishu, ikapita Barawa, ikaja hapa Pangani na majahazi ya watu, na watu wetu haikuwaleta. Hapo nikatambua kwamba upepo haumrudishi mtu. Anayemrudisha mtu ni yule aliye huru kusema, “Nitarudi siku fulani,” na siku hiyo ikawa mali yake mwenyewe, haishikwi na mwenye chombo wala na mwenye deni. Babu wa mume wangu alilala chini ya mwembe wa Korogwe kwa kuwa mwishowe alipapenda; huyo hakurudi, lakini hakupotea. Wale wa Benadiri waliweza kupapenda Juba vilevile, na vizazi vyao vikaota mizizi huko. Lakini mlango wa kurudi ulikuwa umefungwa na mkono wa mwingine. Mama hakuwa akiiogopa bahari. Alikuwa akiuliza mlango uko mkononi mwa nani.

Nilipoinuka jua lilikuwa linazama upande wa bara. Mume wangu akanionyesha, mbali upande wa mashariki, mstari mweupe wa mawimbi yavunjikayo. Hicho ni kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walipanda kutaga mayai. Mivinje imekwisha, na sasa ni fungu la mchanga lijitokezalo maji yakipwa. Tulikitazama mpaka kikatoweka nyuma yetu. Mwezi mpevu ukapanda kutoka baharini, mkubwa, mwekundu, na njia ya nuru ikalala juu ya maji toka mwezini mpaka ubavuni mwa mashua yetu. Ugonjwa ulikuwa umeniacha, na njaa imekuja.

Saa moja na nusu tulitia nanga mbele ya Kipumbwi. Maji yalikuwa yakipwa, hatukuweza kusogea ufukoni, kwa hiyo tulikubaliana kulala chomboni. Baharia akawasha jiko la mkaa lililokaa ndani ya debe la mchanga, akapika wali na samaki wa nazi, na harufu yake ilikuwa njema kupita kiasi. Nahodha akapakua sahani ya kwanza, akaninyoshea mimi kwa mikono miwili, akasema, “Karibu, mwalimu. Leo umesumbuka.”

Mikono yangu haikunyoshwa. Msomaji aliyelelewa kwa adabu za pwani anajua uzito wa jambo hili. Kukataa chakula cha mwenyeji, chomboni kwake, usiku, baada ya yeye kukufikisha salama, ni tusi lisilo na dawa. Lakini neno la mama lilikuwa bado li masikioni mwangu, na nilijua sasa kwamba halikuwa neno la ushirikina. Mume wangu alinitazama. Naye hakusema kitu, maana jambo hili lilikuwa langu. Mzee alikuwa ameishika sahani bado. Niliona mkono wake ukianza kushuka.

“Nahodha,” nikasema, “tafadhali uniwie radhi. Mama yangu amekuletea zawadi, nami kwa ugonjwa nimesahau kuitoa.”

Nikaufungua mfuko wa Handeni. Nikamimina mahindi na karanga katika sahani yao kubwa ya shaba, yakajaa mpaka yakamwagika. Ndipo nilipoelewa kwa nini mama aliujaza mfuko kuliko haja ya watu wawili. Nikachota kidogo nikala, mume wangu akala, kisha nikawapa nahodha na mabaharia. Walikula kwa furaha, wakiyavunja kwa meno. Baharia kijana akasema kwamba mahindi haya ni matamu kuliko ya dukani. Nahodha akatafuna polepole, akauliza, “Mama yuko Handeni wapi?” Nikamweleza. Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza na kisa chote, cha ukame, na cha majahazi, na cha mwanamke wa sokoni.

Alinyamaza kitambo. Akasema, “Wazee wa huku nao walikuwa na habari hizo. Hawakupenda kuzisema.” Akaiweka sahani ya wali katikati yetu sote, mahali ambapo haikuwa ya mtu mmoja kumpa mwingine, akanawa mikono, akangoja.

Kabla sijanawa nilipiga simu Handeni. Mama alipokea kabla haijalia mara ya pili. Hakuuliza bahari ikoje, wala tumefika wapi.

“Mmeanza kula cha nani?” aliuliza.

“Chako, mama. Tumekula sisi, na wenye chombo wamekula.”

Nilimsikia akishusha pumzi. Nyuma yake alikuwapo mbuzi akilia, na mtu akifunga mlango wa uani.

“Vema,” akasema. “Zimebaki siku saba. Sasa kuleni na chao.”